Maduka Tuliyoyapaka Kijivu

Walinikubali kwa sharti. Shule niliiacha Lubumbashi mwaka wa tatu wa sekondari, sikuwa na cheti chochote cha kuwaonyesha, na chuo kile cha Brussels kilikuwa na mlango mmoja tu mwembamba kwa watu kama mimi. Unaleta ushahidi wa kazi ulizofanya maishani, jopo linakaa, linaamua kama zinatosha kushika nafasi ya shahada ya kwanza. Nilipeleka nilichokuwa nacho: kufunga maturubai ya malori mpakani Kasumbalesa, vibarua vya Dar es Salaam ambako nilijifunza Kiswahili hiki ninachokiandika, kupaka rangi vyumba vya watu Etterbeek, kisha miaka tisa ya kushika fimbo ya kupimia kwa ajili ya mpima ardhi wa manispaa. Yeye anachungulia kwenye darubini, mimi nasimama na fimbo wima, kwenye matope au theluji, nikimuuliza kwa nini mtaa umepinda hapa na si pale, na ni nani aliyeamua. Siku moja alichoka, akaniambia niende nikawaulize wanaofundisha mambo hayo.

Barua ya jopo ilisema nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya mipango miji, ila nikishindwa studio ya kwanza sitarudia. Wenzangu wakishindwa walikuwa na mtihani wa pili mwishoni mwa kiangazi. Mimi ningerudi kwenye fimbo.

Studio si darasa la kukaa na kusikiliza. Mnapewa kipande cha mji, mnakipima, mnakichora, mnasema kifanywe nini, halafu mnabandika michoro ukutani na kujitetea mbele ya jopo. Kundi letu, watu sita, tulipewa jengo moja hatua chache kutoka metro ya Porte de Namur. Chini yake ulipita ujia wa maduka ishirini na mawili, ambako Wakongo wa Brussels nzima huja kusuka nywele, kununua samaki wa chumvi na kujua nani amefariki. Mwenye jengo alikuwa ameomba kibali cha kulikarabati. Kwa sheria ya huko, ombi kama hilo hutangazwa kwa bango jekundu mlangoni, na kwa siku kumi na tano mtu yeyote anaweza kusoma faili na kuandika maoni yake.

Tulikwenda kupima siku ya tatu tangu bango libandikwe. Wenzangu waliingia ndani na utepe na madaftari. Mimi nilibaki upande wa barabara na fimbo, na kwa kuwa pale magari hayana huruma, nilivaa fulana yangu ya zamani ya manispaa, ile ya njano inayong'aa. Jioni, darasani, tulipaka ramani. Duka lililo wazi, njano. Duka tupu, kijivu. Waliniachia kalamu kwa kuwa mkono wangu hautetemeki, nami nikapaka kijivu maduka tisa. Moja lilikuwa saluni ya mama anayeninyoa, ambaye wote tunamwita maman. Nilidhani anaumwa, nikapaka.

Profesa wetu aliiona ramani hiyo siku tatu baadaye. Alikuwa amepanga vitongoji katika miji mingi na alikuwa na tabia ya kuangalia ramani akiwa mbali, macho kayafinya.

"Mnakiona hicho kijivu?" alisema. "Ujia huu unakufa."

Kazi yote ikajengwa juu ya sentensi hiyo. Tungebomoa maduka ya katikati, yaliyo kijivu, tukate njia ya mita nne kutoka barabarani hadi ua wa nyuma, tulete mwanga na miti na watu wa baiskeli. Mmoja wetu aliuliza wakazi wanasemaje. Profesa alikuwa amepitia faili la manispaa: yalikuwa yameingia maoni ya mtu mmoja tu, nayo yalihusu mahali pa kufungia baiskeli.

"Hawana pingamizi," akasema. "Ukimya nao ni jibu."

Saluni ile ilinikera akilini. Kesho yake nikaenda. Lango la bati lilikuwa limeshushwa nusu, na ndani kulikuwa na mlio wa utepe wa kufungia katoni.

"Maman, uko?"

"Nani?"

"Ni miye."

"Ingia, lakini usilete baridi."

Niliinama nikapita. Kioo kimoja kilikuwa tayari kimeng'olewa ukutani. Draya mbili zilikuwa zimevikwa blanketi kama wagonjwa, na maman alikuwa amepiga magoti akipanga machanuo kwenye katoni.

"Unahama?"

"Sasa nifanye nini? Niikale nangojea machine?"

"Machine gani?"

"Weye hauna macho? Banaisha kutia rouge ku mulango!"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikacheka, na kicheko kikaishia katikati. Maman alizaliwa Katuba, Lubumbashi, na mimi sikuzaliwa mbali na pale. Kwetu, watu wa serikali wakipaka rouge, alama nyekundu ya kubomoa, kwenye ukuta wako, huandiki barua. Unapanda juu na kuanza kung'oa mabati, kisha milango, kisha madirisha, kwa sababu machine, yaani tingatinga, ikifika haikupi muda wa kuokoa kitu. Mwenye akili huanza siku ileile. Maman hakuwa na mabati, basi alianza na draya. Mkwewe alikuwa anakuja na gari kutoka Evere kuchukua viti.

"Maman, ile karatasi si ya kubomoa. Ni ya kukuuliza unawaza nini."

"Kuniuliza miye?" Alicheka hadi akakaa juu ya katoni, nayo ikabonyea. "Mutoto wa bantu, tangu lini rouge inauliza muntu?"

"Hapa inauliza."

"Bon. Na bale balikuja na mètre, banaandika mu carnet, bila kusema hata bonjour? Bale pia balikuja kuniuliza?"

Mètre ni utepe, carnet ni daftari; alikuwa anasema juu ya kundi letu.

"Njo siku ile tulifunga. Banyewele, ba samaki, bote ba hapa katikati. Juu ya nini? Kulikuwa mumoja wa commune, na gilet jaune yake, anasimama pale inje sawa polisi, anashika ile muti yake. Tukasema alors, ni leo."

Mtu wa manispaa, fulana ya njano, fimbo: nilijijua.

"Maman."

"Quoi?"

"Yule wa gilet ni miye."

Alinitazama toka kichwani hadi viatuni. Kisha akaokota chanuo sakafuni na kunirushia.

"Donc ni weye! Quatre jours, siku ine, sikamate kichwa ya muntu, juu yako! Na unakuja hapa, maman uko, maman unahama. Fungua hizi cartons. Fungua zote."

Nikazifungua. Nilikirudisha kioo ukutani kwa skrubu zilezile, nikampigia mkwe wa Evere kumwambia asije, na wakati wote huo maman alikuwa akinieleza mimi ni mtu wa namna gani.

Nilimfuata profesa asubuhi iliyofuata. Nilimweleza kwamba maduka tisa hayakuwa tupu. Yalifungwa kwa sababu yetu: wekundu mlangoni, kisha watu wa kupima, kisha fulana. Tuliingiza hofu, tukaipima, tukaipaka kijivu, na sasa tunataka kuibomolea ukuta. Alisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima.

"Ni kisa kizuri," alisema. "Kiweke kwenye utangulizi. Aya moja. Studio ina ratiba."

Mwenzangu mmoja, msichana wa Etterbeek ambaye wazazi wake walikuwa watumishi wa umma na ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha kundi, alinivuta kando kwenye korido.

"Ukivuruga ramani sasa, sote tunaanza upya."

"Basi tuanze upya."

"Sisi tukianguka tuna mtihani wa pili. Wewe huna." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananihesabia hatari kama rafiki. "Weka aya yako, pita, halafu ubishane nao mwakani."

Nilifikiria juu ya hilo nikiwa nimesimama palepale. Nilikuwa na umri wa karibu mara mbili ya wake, na ushauri wake ulikuwa wa akili. Tatizo ni kwamba ile kalamu ya kijivu niliishika mimi. Nikarudi ndani, nikamwambia profesa aondoe jina langu kwenye ramani ya kundi.

"Anayetoka kwenye kundi anajitetea peke yake," alisema. "Kwa kazi yote. Ramani, mchoro wa mkato, pendekezo. Hatutakupunguzia."

"Msinipunguzie."

Fulana niliiacha nyumbani. Nilikwenda duka kwa duka, nikisalimia kwanza, nikiomba kiti, nikieleza bango ni nini, na kisha kutandaza karatasi yenye kuta tupu na kuwaomba wanionyeshe kilicho ndani. Wasusi walichora kwa mkia wa chanuo, nami nikapitisha penseli juu ya mfuo. Muuza samaki alikataa kuchora, akasema nipime mwenyewe friza yake kwa kuwa napenda sana kupima. Kati ya yale tisa, manane yalikuwa yakifanya kazi. Mwenye lile la tisa alikuwa amehama kweli siku ya bango, akawa anasuka sebuleni kwa dada yake Evere, na alisema harudi kwenye nyumba iliyotiwa alama, hata nikimwapia. Lake nililiacha kijivu.

Muda wa maoni ulikuwa haujaisha. Maman hakutaka kuandika, akasema mimi niandike, yeye atie sahihi.

"Niandike nini?"

"Andika: miye niko hapa."

"Na kingine?"

"Kingine cha nini? Baanze na hiyo."

Wengine waliongeza yao, na faili lililokuwa na karatasi moja likapelekewa bahasha nene.

Siku ya jopo walikaa watu watano. Profesa alikuwa katikati, na pembeni kabisa alikaa mwanamke mgeni aliyefanya kazi ya vibali katika manispaa ya jirani. Nilibandika ramani mbili sambamba, ile ya kijivu niliyoipaka kwa kundi na yangu mpya.

"Ramani ya kwanza haina kosa la vipimo," nilianza. "Inaonyesha jinsi ujia unavyokuwa ukiuogopesha kabla ya kuupima."

"Kuogopesha ni neno zito," profesa alisema. "Unawatuhumu wenzako?"

"Aliyevaa fulana ni mimi."

"Na unataka tupange miji bila kuipima?"

"Nataka tuseme bonjour kwanza."

Yule mwanamke wa vibali alitazama chini kuficha mdomo. Profesa hakuficha kitu. "Pendekezo liko wapi?"

Nikabandika mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa kwa kisu. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua kuliko yeyote aliyekuwa katika chumba kile, kwa sababu kila kimo nilikisimamia mwenyewe. Nilikuwa nimechora njia yao ya mita nne, bila hila, mahali walipoitaka, na kila kitu inachokikata: masinki mawili ya kuoshea nywele, draya, friza ya samaki, bomba la maji machafu la ghorofa zote za juu ambalo kundi halikuliona, na benchi wanalokaa watu wanaongoja zamu.

"Hilo ni lenu," nikasema. "Langu liko hapa." Nikaonyesha upande wa kushoto. "Njia ya kwenda ua wa nyuma ipo tayari. Ni ujia wa mapipa ya taka, upana wake mita tatu na sentimita themanini. Mapipa yanahamia chini, kwenye chumba cha zamani cha makaa, na hakuna duka linaloguswa. Hakuna aliyeupima kwa sababu unanuka."

Mwanamke wa vibali aliinuka, akaja karibu na mchoro, akaweka kidole kwenye bomba la maji machafu. Akauliza kama kimo kile nimekikadiria. Nikamwambia sijakadiria hata kimoja.

Walinitoa nje, nikasimama koridoni muda mrefu. Ndani nilisikia sauti zikipandana, ya profesa na ya yule mwanamke. Waliponiita, profesa alisoma matokeo akiwa amesimama.

"Kumi kwa ishirini. Ni alama ya kupita, ya chini kabisa. Pungufu ya hapo tungepoteza kazi ya vipimo iliyo bora kuliko zote tulizoona leo. Zaidi ya hapo ingekuwa tunaubariki mwenendo wako. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Mwakani tutarajie utulivu?"

"Hapana, monsieur."

Nilitoka na michoro yangu kwapani, nikateremka hadi Porte de Namur. Lango la saluni lilikuwa wazi hadi juu. Maman alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa.

"Alors?"

"Nimepita. Dix, kumi."

"Kumi sur dix?"

"Sur vingt, maman. Kwa ishirini."

Alisimamisha vidole. "Donc nusu."

"Nusu."

"Na nusu ingine njo ya nani?"

"Njo yabo, bale ba chuo."

"Bon," alisema, akageuza kichwa cha mteja kuelekea kwenye mwanga na kushika msuko uliofuata. "Bakae nayo."