Kuezeka Sindeni kwa Kompyuta

Mchezo wenyewe ni wa zamani, wa kurusha ndege kwenye kompyuta, toleo ambalo vijana wa leo wakiliona wanacheka. Wacheke. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Korogwe, na kompyuta hiyo niliinunua eti kwa kazi za duka.

Ila waliotengeneza mchezo huo hawakuwahi kusikia habari zetu. Ukiruka juu ya Korogwe ulikuwa unaona uwanda wa kijani mpaka macho yachoke. Milima ya Usambara waliisawazisha yote. Dindira, kule kwenye chai, ungeweza kutua na dege kubwa bila kutafuta uwanja. Nilikasirika kama mtu aliyefutiwa kiwanja chake. Ndipo nikagundua kuna watu mtandaoni, wastaafu wengi wao, wanaotengeneza nyongeza za mchezo huu na kuzigawa bure. Nikaanza kupakua.

Nyongeza ya kwanza ilirudisha milima. Ya pili ilikuwa ya miti. Nikaiweka kwenye folda isiyo yake, na nilipowasha mchezo, kandokando ya Mto Pangani ilikuwa imesimama misonobari yenye theluji. Korogwe hii, ambako jua la saa sita linakufuata hadi kivulini! Wiki nzima niliipoteza kuiondoa theluji ile. Nikapata nyingine ya mawingu na mvua, halafu ikaja iliyoniponza: inakuwezesha kujenga nyumba mwenyewe, popote unapotaka.

Wakati huo kule Sindeni, upande wa Handeni, mama mkwe wangu alikuwa anavujiwa. Ni mjane, anaishi peke yake, na bati la chumba anacholala lilikuwa limeliwa na kutu. Nilikuwa nimeahidi kwenda kumwezekea. Niliahidi kabla ya masika, masika yakapita. Nikaahidi kabla ya vuli, ikapita nayo. Mwaka uliofuata nikaahidi upya. Mke wangu alipouliza nilijificha nyuma ya heshima: mkwe hapandi juu ya nyumba ya mama mkwe hivi hivi, mambo ya ukwe yana taratibu zake.

"Taratibu!" akasema. "Mtu anahamisha kitanda usiku kucha, wewe unaniambia taratibu!"

Na nyuma yangu pale dukani mabati yalikuwa yameegemea ukuta, mengi, mapya.

Nikampoza kwa njia yangu. Nikamwambia akae anielekeze, nimjengee kwao ndani ya mchezo. Alinuna kwanza, kisha akavuta kiti. Jiko liko huku, si huko. Banda la kuku nyuma. Bafu la mabanzi, lile lisilo na paa, karibu na migomba. Alikumbuka kila kitu, akawa ananisahihisha kama yeye ndiye fundi mkuu. Paa nikaliezeka bati jipya la bluu. Siku hiyo nilijiona mkwe bora wa wilaya zote mbili.

Vuli ilipoanza tena, mama mkwe akaja Korogwe na kikohozi. Safari hii kitanda hakikupata pa kukimbilia. Walipotoka hospitali, mke wangu akampitisha dukani. Nikainama nikamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia akiangalia pembeni, "Marahaba, mwanangu," kama inavyopasa kati ya wakwe. Tungeishia hapo ingekuwa salama. Lakini mdomo wangu huu!

"Mama, njoo uone kwako."

Nikapaa na ndege ndogo, nikavuka mto, nikaenda nikashuka juu ya Sindeni.

"He! Si jiko langu lile?" Alifurahi kweli. Nikaona nimeshinda, nikashusha ndege zaidi ili aone vizuri, tukapita juu kabisa ya bafu.

Akavuta kanga hadi usoni. "Yaani, mkwe, hapa ndipo unapopitaga?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Hamna mtu, mama! Mchezo huu hauna watu kabisa!" Mke wangu aligeukia ukutani, akajifanya anahesabu mabati, mabega yakimcheza kwa kicheko.

Kwa kutafuta pa kutokea nikamwonyesha mvua. Nikabonyeza, mawingu yakajaa, ikashuka mvua kubwa, inalipiga lile bati la bluu. Mama mkwe akasogea karibu, kanga akaisahau. Akatazama muda mrefu, akakohoa, akatazama tena.

"Na humo ndani hamvuji?"

"Hamvuji hata tone, mama," nikasema. Kwa fahari, Mungu anisamehe.

"Basi nihamishieni humo."

Hakusema kwa hasira, wala hakuwa ananipiga kijembe. Alisema kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Mke wangu aliacha kucheka. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, nikabaki nimeshika kile kifimbo cha kurushia ndege, sijui nikiweke wapi.

Mama mkwe akainuka, akanishukuru kwa kumwonyesha, akajifunga kanga vizuri. Kisha akaniuliza basi la mwisho la kwenda Sindeni linaondoka saa ngapi.

Sikujua. Miaka miwili yote nilikuwa naenda kwa ndege.