Kishikwambi Kilichokosa Adabu Mwera

Pikipiki haijasimama sawasawa, Zuwena Abdulghani keshashuka. Ni saa mbili asubuhi kijijini Mwera, wilayani Pangani, na mhudumu huyu wa afya ngazi ya jamii hana subira. Leo anachukua kishikwambi cha mradi wa kuwasaidia wazee wenye ugonjwa wa kusahau kwa Mzee Uweso, akipeleke kijiji cha Ushongo. Kifaa ni kimoja, familia sita, kila moja wiki mbili.

Mzee Uweso, miaka sabini na sita, alikuwa mkwezi wa minazi. Ugonjwa wa kusahau umemfanya asahau kwamba alishastaafu. Mwezi uliopita alikutwa juu ya mnazi wa jirani, ameganda, hajui kushuka. Tangu hapo bintiye Semeni akienda shambani alimfungia ndani kwa kufuli.

"Nikimfungia nalia, nikimwacha atakufa," anasema Semeni.

Zuwena alirekodi sauti ya Semeni kwenye kishikwambi, isikike kila nusu saa: Baba, kaa barazani, narudi sasa hivi. Mzee hakujali, akawa anaondoka vilevile. Zuwena akashuku masikio, akashuku spika. Siku ya nne mzee mwenyewe akamweleza.

"Huyo mtoto wenu hana adabu. Atuma wakubwa, hata shikamoo hana."

Zuwena aliona aibu. Semina iliwafundisha kufupisha ujumbe, naye, mzaliwa wa Pangani, akafyeka salamu. Wakarekodi upya: shikamoo baba, kimya kidogo, kisha maneno. Mzee akaitikia, akakaa. Siku kumi sasa kufuli halijatumika.

Lakini leo kifaa kinaondoka, na Zuwena haishi kuzunguka uani. Ameomba cha pili, hajajibiwa.

Semeni ana lake la moyoni. "Kwenye kishikwambi ananiitikia. Nikisimama mbele yake ananiuliza mimi mtoto wa nani." Kisha anakiri kwa sauti ya chini: "Tangu augue sijamwamkia. Namwamrisha tu."

Msimu huu ameamua kulima mihogo nyuma ya nyumba, ili kila mara aje amwamkie mwenyewe. Zuwena anazima kishikwambi. Wanataka kujaribu kabla hajaondoka.

Semeni anapiga goti barazani. "Shikamoo, baba."

Mzee anamkagua usoni kwa muda mrefu.

"Marahaba. Kaa, mama. Mimi siendi popote, namngoja binti yangu."

Semeni anajifuta macho kwa ncha ya kanga, anakaa kando yake.