Wasichana Hawarithi

Harufu ya nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni inanichafua moyo mpaka leo. Kwetu Rubafu nyasi hizo hutandikwa nyumba inapopokea watu wengi, wawe wa harusi au wa msiba, na mwaka ule nilipokuwa darasa la nne zilitandikwa kwa msiba wa Baba Mkubwa, kaka yake Tata, yaani baba yangu. Mvua za senene, wale panzi wa kuliwa, zilikuwa zimeanza. Watu waliingia na matope, nyasi zikakanyagwa, na kufika siku ya pili nyumba nzima ilinuka kama zizi. Tulimzika kibanjani, kwenye migomba inayozunguka nyumba, jirani na kaburi la Babu. Babu naye aliangukia humo humo akikata majani makavu ya migomba, mdomo ukaenda upande, na hakusema neno tena hadi alipofariki. Baba Mkubwa alirithi nyumba na kibanja, akakaa miaka michache, akaanguka vilevile. Sasa zamu ilikuwa ya Tata.

Wazee wa ukoo walikaa sebuleni wakipitishiana kahawa za kutafuna, tayari kumsimika awe mrithi. Mimi nilikuwa mlango wa nyuma nikimenya ndizi na Shangazi, dada pekee wa Tata, aliyeolewa Kimwani kule Muleba. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, fundo amelikaza juu ya paji la uso, kwa sababu kichwa kilimgonga tangu alfajiri. Kila aliyepita alimpa pole ya msiba, na yeye akaitikia, akaendelea kumenya. Hakuna aliyefikiri kwamba kichwa kile kilikuwa na jambo lake chenyewe.

"Waitu, ndugu yetu, nyumba haiwezi kukaa bila mtu," tulimsikia mzee mmoja akisema.

"Nyumba hii inakula watu," Tata akajibu. "Mpeni mwingine."

Shangazi aliacha kumenya. Mhaya kukataa kibanja cha baba yake, chenye kaburi la baba yake, ni aibu ambayo hata watoto tuliielewa. Ila hakuna aliyeweza kumwambia Tata kwamba amekosea. Babu alikaa pale akafa, Baba Mkubwa akakaa pale akafa, na ukoo mzima uliamini kwamba kuna kitu kimefukiwa kwenye kile kibanja kinachomsubiri mrithi. Walichokuwa wakigombania ni nani aliyekifukia. Mwishowe binamu yake Tata, mtu mzee asiye na wa kumtegemea, alikubali kuitunza nyumba mpaka mdogo wangu wa kiume akue. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Wanawake walimpakata kwa zamu, wakimsikitikia kana kwamba ameshakufa.

Kabla senene hawajaisha tulikuwa tumeshahamia Bukoba mjini, Hamugembe. Siku tunapakia vitanda kwenye gari, Tata aliniita kando, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili, akacheka. "Wewe sina wasiwasi nawe, mwanangu," aliniambia. "Wasichana hawarithi." Nilikuwa nimezoea kulisikia neno hilo likisemwa kwa kudharau, kwamba ardhi ya ukoo haiendi kwa mtoto wa kike. Siku ile lilisemwa kama zawadi, na mimi nililipokea hivyo. Nilimwangalia mdogo wangu mgongoni kwa Mama nikamwonea huruma, na moyoni nilifurahi sana kuwa msichana.

Tata alinenepa Hamugembe. Alipanda migomba michache nyuma ya nyumba, akawa anacheka kwa sauti ambayo Rubafu hatukuwahi kuisikia. Nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi alipoanguka asubuhi moja akinawa uso, beseni likamwagika juu yake, mdomo ukaenda upande. Bibi, mama yake Tata, alisema kibanja kimemfuata. Shangazi alikuwa ameshafariki kwa namna hiyohiyo huko Kimwani, lakini kifo chake walisingiziwa wakwe zake. Hakuwa amerithi kitu, kwa hiyo hakuna aliyemhesabu pamoja na ndugu zake.

Mimi niliambiwa ukweli nikiwa na mimba, nilipokwenda kliniki wakakuta presha imepanda. Daktari, kijana wa kwetu, aliniuliza habari za ukoo, nami nikamsimulia kibanja chote, na nashukuru hakucheka. "Kinakaa kwenye damu yenu, dada," alisema. "Vinasaba vyenyewe ni vingi, kila kimoja kinasukuma kidogo tu. Chumvi na unene vinaongezea. Mzazi anampa mtoto nusu ya alivyo navyo, na hachagui." Nikamuuliza kama anawapa wa kiume zaidi. Akasema hapana, wote sawa.

Mdogo wangu amepimwa mara nyingi na hana kitu. Anaishi Rubafu, katika nyumba ileile, anakata majani makavu pembeni ya kaburi la Babu, anatuletea ndizi akiwa na afya tele. Namfurahia. Siku nyingine, Mungu anisamehe, simfurahii.

Watu huniambia afadhali siku hizi tunajua. Ni kweli, mashine zipo, vidonge vipo, navimeza kila siku navyo vinaishusha presha bila kuifukuza. Lakini Tata, pamoja na kukosea kwake kote, alikuwa na mahali pa kuhamia. Alipakia vitanda vyake akaondoka, na miaka aliyobakiwa nayo aliiishi bila hofu. Juzi juzi nimempeleka binti yangu kupima, yuko sekondari, ni mwembamba kama ufito. Walimpima, wakampumzisha, wakampima tena, wakaturudisha siku nyingine na nyingine, na majibu hayakubadilika: presha iko juu. Huyu nimhamishie wapi?

Jumapili nilimkuta jikoni akimenya ndizi, amejifunga kitambaa changu kichwani, fundo amelikaza juu ya paji la uso. Shangazi alifariki miaka mingi kabla huyu hajazaliwa, na hakuna aliyemfundisha kufunga vile. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye.

"Mama," akaniuliza bila kuinua macho, "kwani lile shamba la Rubafu ni la nani?"

"La mjomba wako."

"Na sisi je?"

"Wasichana hawarithi," nikamwambia, na nikaisikia sauti ya Tata kinywani mwangu, ila kicheko chake hakikuwemo.