Habari Iliyopotea

Jumapili alasiri nilikuwa redioni mjini Baraka kutangaza mbuzi wangu aliyepotea. Mbele yangu alisimama kapteni wa timu ya wanawake, jezi yake imejaa matope. Alileta matokeo: wameifunga timu ya Fizi tatu bila.

"Mama, nafasi ya michezo imejaa," mtangazaji alisema bila kuinua kichwa. "Tuko na mechi ya banaume."

"Ile yenye mvua ilikatisha?"

"Ile."

"Na matangazo ya bintu byenye bilipotea?"

"Kule nafasi iko."

Kapteni akaomba kalamu ya bic, akaandika taratibu.

Jioni mtangazaji yule yule akasoma kwa sauti ya msiba: "Imepotea habari ya bamama kuifunga Fizi tatu bila, katika mvua. Mwenye kuiokota aipeleke redioni."

Tangazo la mbuzi wangu lilifuata. Hakuna aliyelisikia, mtaa mzima ulikuwa bado unacheka.