Niliangusha skuta ya mama mkwe Kariakoo, nikamsingizia mzee wa mkokoteni

Wakuu, habari za mchana. Heshima kwa wote, wakubwa shikamooni.

Mnanijua humu. Nikisimulia mvua ya Jangwani, lazima nione mamba. Leo chumvi nitaitia kwenye vitu vidogo tu. Vile vikubwa nitavisema kama vilivyotokea, maana vimenikaa kifuani miezi miwili sasa na usingizi wangu umekuwa wa kuku.

Basi bwana.

Mama mkwe wangu ana duka la khanga na vitenge Kariakoo. Mtu wa Magomeni, mzaliwa wa Magomeni, na hadi leo anaendesha skuta yake mwenyewe, baibui imefungwa kiunoni, helmeti kichwani. Ile skuta ina rangi ya maziwa. Anaifuta asubuhi kabla hajanywa chai. Watoto wake amewahi kuwasahau shuleni, skuta hajawahi kuisahau mahali.

Jumamosi moja akanipa ufunguo. Nimpelekee mteja doti mbili za khanga Posta, nirudi.

Mjue kwanza kuachiwa skuta ile maana yake nini. Nina miaka sita kwenye ile familia. Shemeji zangu wa kiume hawajawahi kuigusa. Mimi nilipopewa ufunguo nilijiona kama nimepewa wizara.

Posta nilifika salama, khanga nikakabidhi. Shida ilianza wakati wa kurudi.

Wiki hiyo nilikuwa nimechukua cheti changu cha kidato cha nne. Nimesoma jioni miaka minne nikiwa mtu mzima na ndevu zangu, nakaa dawati moja na watu wa rika la wadogo zangu. Kwa hiyo cheti kilikuwa kwenye begi, na mtaa wa nyuma ya duka la mama kuna jamaa wa steshenari anafanya laminesheni. Nikapita. Kikatoka kinang'aa kama kioo cha saluni.

Nikasema hii lazima iende kwenye grupu la darasa.

Nikaegesha skuta kwa stendi ya pembeni, nikaipanda, nikakaa kwa pozi. Mkono wa kushoto cheti, mkono wa kulia simu. Hesabuni wenyewe mikono iliyobaki ya kushika usukani.

Nikajivuta nyuma ili na helmeti iingie kwenye picha. Skuta ikasogea mbele kidogo tu, stendi ikakunjika, tukalala chini upande wa kushoto, mimi, cheti na mali ya mama mkwe. Ule mlio nadhani Kigamboni waliusikia.

Kulikuwa na mama anauza mihogo pale. Akaniambia pole baba, kisha akageukia ukutani ili acheke vizuri.

Mimi sikuumia. Skuta ndiyo iliumia. Ncha ya usukani imekwanguka, ubavu wa kushoto umechubuka kama upana wa kiganja, na pembeni pale pa kuwekea miguu pamebaki plastiki nyeusi tupu. Nikapaka mate nikafuta na kidole. Ndiyo, wakuu, mate. Mtu mwenye cheti.

Kutoka pale hadi dukani ni dakika tatu. Dakika tatu zile nilitunga uongo ambao ningekuwa na akili hiyo kwenye mtihani wa hisabati, leo ningekuwa mhadhiri.

Mama mkwe aliiona kabla sijashuka. Hakupaza sauti. Akauliza, "Nini hii, baba Nasri?"

Nikamwambia mkokoteni. Nimeegesha vizuri kabisa, nimeingia steshenari mara moja, mkokoteni umepita ukaigonga ubavuni ikalala, na mwenyewe hata hakusimama.

Ningeishia hapo pengine yangekwisha. Lakini mimi ugonjwa wangu mnaujua. Kwangu habari isiyo na nakshi ni kama chai isiyo na sukari. Nikaongeza kwamba mzigo ulikuwa mrefu umempita kichwa. Nikaongeza kwamba ni mtu mzima, mzee mzee hivi. Nikaongeza kwamba kavaa fulana ya zambarau.

Hiyo fulana sikuitunga. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona mzee mmoja amevaa fulana ya zambarau anavuta mkokoteni, ikabaki kichwani, nikaitumia.

Kariakoo ina wavuta mikokoteni wengi kuliko nzi. Mwenye umri ule na fulana ile ni mmoja. Na mama anamfahamu, maana ndiye anayemvutia marobota yake miaka yote. Mzee Nandonde, mtu wa Newala, kaja mjini zamani sana, mkono wake haujawahi kupoteza hata kipande cha uzi cha mteja.

Mama akasema tu, "Nandonde? Na asisimame?"

Muda wa kusema ukweli ulikuwa huo. Nikaangalia paa la duka.

Jumatatu mama akaenda mwenyewe kwenye kijiwe cha wavuta mikokoteni. Hakwenda kugomba, alienda kuuliza. Mimi nilikuwa kibaruani kwangu, nikijipa moyo kwamba mzee atakataa, watabishana kidogo, jambo litajifia.

Jioni mama akanipigia. Mzee hakukataa.

Alimwambia hivi: Jumamosi kweli alipita mtaa ule, na mzigo kweli ulikuwa mrefu. Hakusikia kugonga kitu. Lakini ikiwa mkwe wa mama ameona kwa macho yake, basi huenda ni yeye, kwa sababu siku hizi jicho lake la kulia analihisi kama lina ukungu. Akaomba radhi. Akasema yeye kuongea sana hajui, ila skuta ikienda kwa fundi aambiwe, aje asugue pale palipochubuka kwa mkono wake.

Wakuu, mimi nimewahi kufukuzwa darasani mbele ya watu arobaini. Haikuniuma hivi.

Na bado sikusema. Nilimjibu mama, "Mzee muungwana sana huyo." Hayo ndiyo maneno yaliyotoka kinywani mwangu.

Jumatano nikapeleka skuta mtaa wa Gerezani kwa fundi wa rangi anaitwa Shabani. Mama akabaki dukani, akasema atapita alasiri kuangalia. Nilipofika, Mzee Nandonde ameshafika, amekaa juu ya tairi, amevaa ile ile fulana ya zambarau.

Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba mwanangu, akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniomba msamaha.

Mimi nikamsamehe.

Someni tena hapo juu. Nilimsamehe.

Shabani akampa kipande cha msasa na kopo la maji ya sabuni. Kama hamjui kazi hii, sehemu iliyochubuka haipigwi rangi hivi hivi. Inasuguliwa na msasa na maji hadi ukipitisha kidole usisikie ukingo, halafu inajazwa pati ya kuziba makovu, inasuguliwa tena, inapigwa praima ya kijivu, ndipo rangi ije. Mzee alichuchumaa akaanza. Anasugua, anamwaga maji, anapitisha kidole gumba, anasugua tena, taratibu kama anamwogesha mtoto. Mimi nimesimama juu yake nimeshika simu.

Shabani akawa anachanganya rangi. Nikajitia ujuzi, nikafungua kiti cha skuta nikamwonyesha rangi ya chini ambayo haijapigwa jua. Nikamwambia chukua hii, ndiyo yenyewe. Akacheka. "Hiyo ni ya siku iliyotoka dukani, msomi. Ukipiga hiyo, kiraka kitaonekana kutoka Ilala. Mimi nachanganya ya leo, iliyochakaa." Akadondosha njano tone, nyeusi nusu tone, akapaka kwenye kifuniko, akakiweka juani.

Mzee alipokwenda bombani kuongeza maji, Shabani akaja karibu yangu. Kwa sauti ya chini akaniuliza mkokoteni uligonga wapi.

Nikamwambia ubavuni.

"Ubavu upi?"

Nikajua nimekwisha. Akanieleza pole pole, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi mzito. Skuta imelalia kushoto. Ili mkokoteni uilaze kushoto, lazima uiguse kulia. Mkokoteni ule mbele una chuma. Na upande wa kulia wa skuta ni msafi kama sahani ya mgeni.

"Hii imelala yenyewe," akasema. "Mimi nimezinyoosha nyingi za namna hii. Sikuulizi. Ila yule mzee nakaa naye mtaa mmoja, na tangu juzi chakula hali vizuri."

Akarudi kwenye makopo yake. Mzee akarudi na maji, akachuchumaa, akaendelea kusugua.

Praima ilipokauka mama akafika. Akazunguka skuta, akaridhika, akamshukuru mzee. Mzee akavua kofia. Nilidhani anashukuru na yeye. Kumbe alikuwa na lake.

Akamwambia mama kwamba marobota yanayoingia wiki hii atayavuta, kisha amtafutie mtu mwingine. Yeye mkokoteni anauacha, anarudi Newala kwa dada yake, kwenye mikorosho.

Mama akamuuliza kwa nini, kaka, kwa rangi tu hii?

Mzee akasema, "Leo nimegonga pikipiki sikusikia. Kesho nitagonga mtoto wa mtu."

Aliyasema huku anaangalia chini. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyetaka kwenda. Kule Newala hajaishi tangu ujanani. Na mimi, Shabani, na pengine hata yale makopo ya rangi, tulijua hakugonga kitu.

Shabani hakunitazama. Nafikiri angenitazama ningepata hasira, na hasira ingenipa pa kujificha.

Nikasema, "Mama, hakukuwa na mkokoteni."

Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu. Ikabidi nirudie. Nikasema niliiangusha mwenyewe, nilikuwa nimekaa juu yake napiga picha na cheti. Mzee nilimwona asubuhi tu, akipita zake.

Mama alinitazama kwa muda ambao naapa jua lilisogea. Nilitamani anitukane. Mama mkwe akikutukana unajua umefika wapi. Akinyamaza, hujui.

Aliyesema ni mzee.

"Kwa hiyo sikuigonga?"

Nikamwambia hapana, mzee wangu.

"Na macho yangu?"

Nikamwambia hayana kosa, kosa ni langu.

Nilitegemea kofi. Nilikuwa nimeshajiandaa hadi shavu. Mzee akanipa mgongo, akatazama ng'ambo ya barabara, akaanza kusoma mabango. Akasoma "Spea za Bajaji". Akasoma "Tunachomelea Mageti". Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja akasoma tena kwa lile la kulia, herufi kwa herufi, na alipofika kwenye namba ya simu ya fundi mageti akaisoma yote hadi mwisho. Kisha akacheka peke yake. Hakuwa ananicheka. Alikuwa amefurahi, basi.

Mimi nikaenda nyuma ya kontena la Shabani nikajifanya napokea simu.

Nilipotoka, mama alikuwa ameshatoa hukumu. Skuta isipigwe rangi. Ibaki na praima yake ya kijivu hadi nitakapokwenda kijiweni kwa wavuta mikokoteni, mbele ya watu wote, niseme nilichosema pale. Ufunguo akauweka kwenye mkoba. Akaniambia, "Kaanguke huko sasa, tukuone."

Nilikwenda kesho yake mchana, wakati wa chakula, wakiwa wamejaa. Hapo ndipo nikagundua ukubwa wa nilichofanya. Nimefika nauliza Mzee Nandonde yuko wapi, jamaa mmoja akaita kwa sauti, "Tochi, mgeni wako."

Walikuwa wameshampa jina. Tangu Jumatatu alikuwa Mzee Tochi, kwamba akipita amulikiwe njia.

Nikasimama nikasema yote. Picha, pozi, cheti, uongo, fulana. Walinizomea hadi mabega yakaniuma, wakaniambia cheti nikirudishe, na mmoja akauliza kama kule shule ya jioni taa ziliwaka. Nilistahili. Mzee alikuwa anakula wali wake, akaninyooshea sahani nikaribie. Nilikula matonge mawili, sikuyasikia ladha.

Skuta imepigwa rangi. Shabani ni fundi, kiraka hukioni hata ukiinama. Mimi mwenyewe huwa natafuta kilipokuwa na sikipati. Mama ananiitikia salamu. Ufunguo sijaushika tena, na sijauomba.

Mzee bado anavuta mkokoteni. Marobota ya mama yanafika kama kawaida.

Ila wiki iliyopita nilipita pale Kariakoo nikasikia mtu anaita "Tochi, Tochi, mzigo huku," na mzee akageuka akaitika. Aliyeita ni mgeni pale kijiweni, hajui hata jina lilitoka wapi. Nikamfuata nikamweleza. Akasema sawa bro, nimekuelewa. Sijafika kona nikasikia anaita tena.

Nilichojifunza wakuu: ukidanganya, angalau usimvishe mtu nguo. Na usidanganye. Mimi nilidhani nalinda heshima yangu kwa mama mkwe, kumbe nilikuwa nakwangua ya mtu mwingine, na hiyo haina fundi Gerezani.

Matusi ruksa, nimekaa mkao wa kuyapokea. Ila mwenye uzoefu anisaidie kwa hili moja kabla hajaanza kunichana: jina la utani likishamkaa mtu mzima, mliwahi kulitoa vipi?