Dada Aliyeshuka Kumfuata Mgeni

Marvelyn Janga ni jirani yangu hapa Rincon. Alijifunza kuongoza watalii wanaozamia baharini wakati kazi hiyo hapa kisiwani Bonaire ilikuwa ya Waholanzi na Wamarekani, na watu wetu walibeba tu mitungi ya hewa hadi kwenye boti. Mama yake alimwambia, "Mwanamke anayeshinda chini ya bahari ataolewa na nani?" Akacheka, akaenda. Miaka michache baadaye wageni walikuwa wakiandika kutoka kwao na kumwomba yeye kwa jina. Ndipo akamtafutia kazi mdogo wake, Gilmar, na kumfundisha mwenyewe mpaka naye akawa mwongozaji.

Siku iliyomharibia maisha walikuwa pamoja upande wa pili wa kisiwa kidogo cha Klein Bonaire, yeye mbele, Gilmar nyuma ya kundi. Asubuhi ile Marvelyn alikuwa ameshazamia na wageni wengine, na mwili wake haukuwa umepumzika bado. Daktari mmoja wa meno, mwenye kamera kubwa, alimwona kasa akishuka kwenye mteremko wa matumbawe, akamfuata. Marvelyn aligonga mtungi kumwita. Hakugeuka. Basi Marvelyn akashuka nyuma yake, na Gilmar, aliyepaswa kubaki na kundi, akawatazama mpaka wakawa vivuli.

Alimkuta yule mtu amebakiwa na hewa kidogo sana. Akampa kipumulio chake cha akiba, wakaanza kupanda polepole. Lakini mgeni aliingiwa na hofu, akajaza hewa koti lake la kuelea huku amemng'ang'ania Marvelyn mkono, wakafyatuka wote wawili hadi juu. Kwenye boti mgeni alikohoa, akaomba soda. Marvelyn alisema hasikii miguu yake.

Walimlaza siku kadhaa kwenye chumba cha chuma cha kutibia wazamiaji waliopanda juu kwa kasi mno. Miguu ilirudi nusu. Alipotoka na fimbo alikuta mgeni ameshasema kwamba mwongozaji ndiye aliyewapeleka chini kupita kiasi. Bosi, Mholanzi aliyeitwa Wessel, alimwuliza Gilmar mbele ya wafanyakazi wote.

"Mimi nilikuwa nyuma," Gilmar akasema. "Sikuona vizuri."

Marvelyn akafukuzwa kazi, na jina lake likachafuka kwenye maduka yote yanayopeleka wageni kuzamia. Nafasi yake akapewa Gilmar.

Jioni moja Gilmar alikuja kwake na sufuria ya mchuzi wa mbuzi. Marvelyn hakumkaribisha kiti.

"Uliona au hukuona?"

"Dada, nina watoto."

"Sikukuuliza habari za watoto. Nawajua, mmoja nimemsimamia ubatizo."

"Wessel angetufukuza wote wawili. Ingekusaidia nini?"

"Ningejua nina ndugu. Chukua sufuria yako, mchuzi usipoe."

Tangu hapo Marvelyn akawa anauza pastechi za jibini, zinazofanana na sambusa, kibarazani kwake. Madaktari walimkataza kuzamia maisha yake yote. Jumapili alasiri huogelea na miwani ya maji, uso chini, akitazama wengine wakipita kule alikokuwa akipita yeye.

Miaka ikaenda. Wessel akauza duka, akarudi kwao. Wenye duka wapya wakaleta vijana wao, na Gilmar akajikuta nje. Akaja tena, safari hii amevaa shati la kanisani.

"Nataka kufungua duka langu, dada. Wageni wa zamani bado wanakuulizia. Tuweke jina lako mlangoni. Na sasa naweza kusema ukweli."

"Sasa ambapo hakuna wa kukufukuza?"

Gilmar aliinamisha kichwa.

"Kauseme," Marvelyn akamwambia. "Jina langu liache."

Na kweli aliusema. Alikwenda baa, bandarini, hadi uani mwa kanisa, akisimulia kuwa dada yake alimwokoa yule mtu. Watu walimsikiliza, wakamjibu, "Hilo tulilijua siku nyingi," wakarudi kwenye domino zao. Nadhani jibu hilo lilimuumiza Marvelyn kuliko uongo wenyewe. Wiki nzima hakufungua kibaraza.

Duka la Gilmar linakwenda vizuri. Kwenye misa mama yao, ambaye sasa haoni sawasawa, huketi katikati yao. Padri anaposema tupeane amani, Marvelyn humshika mama mkono, kisha hugeuka nyuma na kutushika sisi mmoja mmoja. Gilmar hubaki amenyoosha mkono wake, halafu huurudisha mfukoni.