Mashini Imeonekana, Wagoni Bado

Mwaka ule vita iliporudi, treni zilisimama Kamina majuma mengi, lakini simu ya reli haikusimama. Lilikuwa sanduku la mbao ukutani, lenye kishikio cha kuzungusha, na waya mmoja tu uliofuata reli mpaka Bukama. Ukiinua mkono wa simu pale kwetu, kila kituo cha njia ile kinaweza kukusikia. Siri hakuna. Baba, aliyekuwa mtu wa simu, alikwenda kazini kila siku amevaa kofia yake, hata bila treni. Mama akimcheka, anajibu, "Siku treni ikija, imukute nani? Weye?"

Asubuhi ya Noeli mvua ilianza kabla ya jogoo. Mimi na mama tulipita stesheni kumchukua baba twende kanisani. Ukumbi ulijaa wasafiri waliokwama: wake wa askari wa kambi ya jeshi iitwayo Base, wachuuzi Waislamu wa asili ya Maniema na mafurushi yao, watoto wamelala juu ya mikeka. Mama alivaa kitenge chake kimoja cha sikukuu. Alikuwa mkunga wa zahanati miaka mingi, mpaka kinini, dawa ya malaria, kilipomharibu masikio. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeishia darasa la pili la sekondari, na nilifurahi tu, maana mimi Noeli hunifurahisha hata sufuria ikiwa tupu.

Simu ikalia. Baba akasikiliza, uso ukabadilika.

"Uko peke yako? Ngoja, usikate." Akatugeukia. Aliyepiga alikuwa karani wa kituo kidogo, katikati ya hapa na Bukama. Askari walikuwa wamepita huko, kijiji chote kikakimbilia porini. Yeye alibaki kwa sababu mke wake, mwenye mimba ya kwanza, hakuweza kukimbia. Sasa uchungu ulikuwa umemshika, na mwanamke mwingine hakuna hata mmoja. Waya wa simu ulikuwa mfupi, kwa hiyo alikuwa amemlaza chini, karibu na meza.

"Anataka mama," baba akasema.

Mama hakuwa amesikia kitu kwenye simu kwa miaka mitatu. Akanisukuma mimi.

"Alio? Jambo, tata," nikamwita kwa heshima, kama baba.

"Jambo, mama."

"Minyi haiko mama, minyi iko binti yake. Mama hasikii muzuri. Sema na minyi, nitamuambia."

"Binti? Uko na miaka ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Basi nikate."

"Tata, usikate!"

Hapo sauti ya mzee ikaingia, nzito, kutoka Bukama. "Weye kijana! Bibi yako anaumia, weye uko na haya?"

"Baba, bantu yote iko nasikia!" karani akamjibu.

"Njo vile, tunasikia. Tutafunga macho."

Mtu wa kituo kingine akacheka. Mimi pia nilitaka kucheka, lakini nyuma ya sauti ya yule karani nikamsikia mke wake. Kicheko kikafa.

Karani akakohoa. Maneno ya mambo ya wanawake hakuweza kuyatamka mbele ya msichana na wazee wa njia nzima. Basi akashika maneno aliyokuwa nayo.

"Muambie mama... treni iko karibu na gare. Tangu jana inapiga filimbi. Sasa filimbi inafuatana, haipumui."

Nikamwambia mama vilevile, neno kwa neno. Nilidhani atauliza kama yule mtu amelewa. Hapana. Mama ameolewa na reli miaka thelathini. Akapiga magoti karibu nami, akafunga macho kama anaiona njia.

"Muulize, mashini imeonekana?" Mashini ni kichwa cha treni.

"Imeonekana kidogo," karani akasema. "Inarudi, inakuja."

"Asivute! Mashini inajua njia. Aweke mikono tu, kama mutu anapokea."

Nikapeleka maneno huku, nikarudisha huku. Kisha karani akapiga kelele, "Mashini imetoka! Wagoni bado!"

"Kamba iko ku shingo?" mama akauliza.

"Tata, kamba iko ku shingo ya... ya mashini?"

"Mashini iko na shingo?" mtu akanong'ona kwenye waya. Mzee wa Bukama akamwambia, "Funga kinywa."

"Iko. Moja," karani akajibu.

"Apitishe juu ya kichwa, polepole."

Nikahesabu pumzi zangu. Halafu, "Imefika! Imefika yote! Mwanaume!"

Niliruka. Baba akavua kofia. Mama peke yake hakusogea. Alinitazama mdomoni.

"Analia?"

Sikuwa nimelifikiria. Nikasikiliza: mvua juu ya mabati ya huko, mvua juu ya mabati yetu.

"Tata, analia?"

"Hapana." Maneno ya treni yalikuwa yamemwishia. "Mama, mutoto wangu halii."

"Ampanguse mudomo, ndani, na kitambaa juu ya kidole," mama akasema, haraka lakini bila kelele. "Amusugue mugongo. Asimutikise. Apulize kidogo, kidogo, kama unawasha moto wa nyasi."

Nikasema yote. Vituo vyote vilikuwa pale, niliwasikia wakizuia pumzi, Bukama na vile vidogo nisivyovijua, wanaume wazima wameshika simu masikioni.

Na hapo ndipo Noeli iliniingia. Kila mwaka nilisikia kwamba Neno alifanyika mwili, nikaitikia kama mtu anavyoitikia salamu. Mtoto Yesu niliyemwona akilini alikuwa ameshaoshwa, ameshafungwa nguo, anatabasamu. Sikuwaza hata siku moja kwamba kulikuwa na dakika ambayo ametoka na bado hajavuta pumzi. Mbingu yote ikangoja. Yeye aliyempa Adamu pumzi akangoja pumzi, mikononi mwa fundi wa mbao ambaye labda naye hakuwahi kumpokea mtoto. Mungu akahitaji mtu wa kumpangusa mdomo! Sisemi mtoto wa karani alikuwa Yesu. Nasema niliogopa kwa namna ambayo sikutaka iishe.

Kitu kikapiga chafya, kama paka. Kisha kilio.

Siwezi kukiandika kilio kile. Kilipita kwenye waya mwembamba, na nilijua kinaingia katika kila kituo kwa wakati mmoja. Mama alinitazama, nikatikisa kichwa kukubali. Akakaa chini sakafuni na kitenge chake cha sikukuu. Mara akainuka tena.

"Wagoni ya nyuma bado! Ampe mutoto ziwa sasa, njo litafunga damu."

Tulingoja tena, mpaka kondo la nyuma likatoka zima, na karani akasema damu inapungua, na mke wake ameomba maji. Mama akasema kwa Kiluba, taratibu, "Wafwako, Leza." Asante, Mungu.

Kanisani hatukufika. Hakuna aliyekata simu. Wasafiri walikuwa wamejaa mlangoni, na baba, mtu wa kanuni ambaye hakuruhusu hata jirani aguse sanduku lile, akawaita waje mmoja mmoja. Walipangusa mikono kwanza. Mke wa askari alisikiliza, akaondoka analia. Akaja mama mmoja mchuuzi, Mwislamu, akasogeza mtandio wake, akaweka sikio.

"Hakuna kitu," akasema. "Nasikia mvua."

"Ngoja," nikamwambia.

Akangoja. Mtoto alikuwa ananyonya karibu na simu. Niliona uso wa yule mama ukifunguka, akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha watu wote wa stesheni.